Kichwa cha Mzee Placidus

Avita alikuwa amezoea kuianza siku kwa kumfuta baba yake vumbi usoni. Alianza kazi hiyo akiwa msichana wa kupanda kigoda ili afike, na sasa, bibi wa miaka sitini na ushei mwenye magoti yanayolia kila akiinuka, bado alivuka ua kila asubuhi na kitambaa chake chenye maji mpaka kwenye shubaka la ukutani. Humo Mzee Placidus alisimama miaka yote, mgongo umegusa ukuta, joho lake la marumaru limeshuka kwa mikunjo hadi vidoleni. Avita humfuta paji la uso, pua, na yale mashavu yaliyobonyea, kisha humwambia, "Shikamoo, baba," ndipo aende kunywa uji.

Asubuhi hiyo alinyoosha mkono, kitambaa kikapita hewani.

Shingo ilikuwepo. Kichwa hakikuwepo. Katikati ya mabega palibaki tundu la duara kama kinu kidogo, na ndani yake buibui aliyekauka.

"Opilio!"

Mwanawe alitokea ukumbini akitafuna. Alikuwa na miaka arobaini, tumbo limemtangulia, na joho lake lilikuwa limepakwa chaki ili lionekane jeupe. Kila akisogea alidondosha unga.

"Mama, usipige kelele hivyo, majirani watasikia."

"Majirani gani? Roma nzima wamebaki popo na nguruwe. Babu yako yuko wapi?"

"Nilitaka kukwambia jana, nikakuta umeshalala."

"Sikukuuliza nililala saa ngapi. Kichwa cha baba yangu kiko wapi?"

Opilio alimeza tonge lake, akajifuta midomo kwa kiganja. Akaeleza kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwa nini dawa ni chungu. Keshokutwa kulikuwa na karamu. Mgeni wa heshima alikuwa Trifoni, kamanda aliyeletwa na mfalme wa Konstantinopoli kuwafukuza Wagothi, na ambaye alipowafukuza aliona Mji unamfaa akakaa. Trifoni alikuwa anatafuta mtu wa kumkabidhi maghala ya nafaka. Opilio alitaka awe yeye. Zawadi ilikuwa sanamu. Kichwa cha Trifoni kilikuwa kimeshachongwa, kilichokosekana ni kiwiliwili.

"Na kiwiliwili kizima Roma hii kimebaki hiki tu, mama. Vingine vyote havina mikono. Ulitaka nimpe kamanda kilema?"

Haikuwa kwamba Avita hakuujua mchezo. Sanamu za Roma zilitengenezwa hivyo tangu enzi: kiwiliwili kimoja cha heshima na kichwa chenye kigingi cha kuchomeka shingoni. Mkubwa mpya akipanda, cha mkubwa wa zamani hung'olewa. Katika uwanja mkuu kulikuwa na viwiliwili vilivyobadilishwa vichwa mara nyingi kuliko kitanda cha nyumba ya wageni kinavyobadilishwa shuka. Lakini nyumba hii haikuwa hivyo. Baba yake ndiye aliyemfundisha kuucheka uchafu huo. Alikuwa akimpakata anamwonyesha sanamu ya jirani: "Mtazame yule, binti yangu, amevaa mwili wa mtu kama mwizi aliyevaa kanzu ya marehemu. Sisi hatufanyi hayo. Mimi nilikaa mbele ya mchongaji majira yote ya baridi mpaka nikapata mafua. Jiwe langu lilitoka machimboni likiwa halijaguswa na mtu."

"Kichwa kiko wapi?" aliuliza mara ya tatu.

"Kwa Bonoso," alisema Opilio, akatazama pembeni. "Ukumbi unahitaji kupakwa lipu, na marumaru ikichomwa hutoa chokaa nzuri."

Avita hakungoja zaidi. Alimwita Ursa, mtumishi aliyenyonya naye ziwa moja na kuzeeka naye nyumba moja, wakashika njia.

"Tunakwenda wapi na miguu hii?" aliuliza Ursa.

"Kwa mchoma chokaa. Kumtoa baba."

"Mzee Placidus? Lo! Akiwa hai hakukubali hata kuota jua."

Tanuri la Bonoso lilikuwa katika uwanja wa hamamu kuu. Avita alizijua ngazi zake tangu utoto. Mama yake alikuwa akimleta hapo kuoga, maji ya moto yakitoka ukutani yenyewe. Wagothi walipouzingira Mji waliivunja mifereji, na tangu hapo halikufika tone. Wangekuwa watu wengine wangeijenga upya. Warumi waliliangalia bwawa tupu, wakaona lina kuta nzuri, wakafugia nguruwe. Harufu iliwapokea barabarani, na Avita akajiziba pua kwa ushungi. Nguruwe wenyewe walikuwa wanono kupita kiasi. Mchana waliachiwa watoke nje ya ukuta, kwenye makaburi ya wale waliokufa kwa njaa wakati wa mzingiro na kuzikwa juujuu, na kila mtu alijua walichokuwa wakichimbua huko. Hakuna aliyesema.

Bonoso alikuwa mweupe kuanzia kope hadi kucha, na kati ya weupe huo macho yake mekundu yalichuruzika machozi ya moshi.

"Karibu, bibi. Angalia tu usikanyage pua ya mtu."

Kando ya tanuri kulikuwa na lundo. Mikono, magoti, mabawa, matiti ya miungu isiyo na kazi tena, na vichwa. Maliwali, wake za maliwali, na mtoto mmoja wa kifalme anayecheka. Juu kabisa, shavu lake limelalia shavu la mungu mke, Mzee Placidus aliangalia mbingu kwa uso ule ule mkavu wa mtu asiyekopesha.

"Namtaka baba yangu," alisema Avita.

"Kila mmoja hapa ni baba wa mtu, bibi. Huyu ni wa Bwana Opilio. Ameniletea mwenyewe, kwa ajili ya ukumbi wake."

"Mlimani mawe tele. Lazima mchome watu?"

"Mawe ya mlimani yanatoa ukuta wa kijivu. Mwanao anataka mweupe pepepe." Bonoso alilipiga lundo teke la kirafiki. "Hawa ndio wanaotoa weupe."

"Na wewe huoni kinyaa?"

"Naona njaa. Siku nikishiba nitakaa nione kinyaa." Akacheka, akatema mate meupe. "Halafu nyinyi waheshimiwa mmewaona hawa nyuso tu. Mimi ninawabeba, ninawaona mpaka mgongoni."

Ursa alitaka kumjibu, Avita akamvuta mkono. Alimwambia Bonoso kwamba akikitia kichwa kile motoni kabla hajarudi, atakuja kukaa mlangoni pa tanuri na kumlaani kwa majina ya wafu wote anaowajua, nao ni wengi. Bonoso aliacha kucheka, akakitoa kichwa juu ya lundo akakiweka pembeni, kwenye majani makavu, uso juu. Lakini hakumpa. Alisema bila kauli ya Opilio hawezi.

Opilio alikuwa anamsubiri nyumbani, na Avita alipouona uso wake alijua kwamba ameshapiga hesabu zake.

"Utampata babu," alisema. "Bonoso atamleta nyumbani mzima mzima. Lakini na mimi nina haja yangu."

"Sema."

"Uje karamuni. Uvae hariri ya bibi. Trifoni akishaiona sanamu, usimame mbele za watu umwite baba wa Mji."

Ursa, aliyekuwa akimwosha Avita miguu, aliacha kuosha.

"Wewe mtoto," alisema Ursa, "hilo jina unalijua au unalisikia?"

"Nyamaza, Ursa. Ninaongea na mama."

Opilio alilijua vizuri. Ndiyo maana alilitaka. Mjumbe wa mfalme wa Kigothi alipokuja zamani kuwaomba Wazee wa Baraza wampe bwana wake jina hilo la heshima ya juu kabisa, Mzee Placidus alisema ana kikohozi akaenda kulala, akalala mpaka mjumbe akaondoka. Nyumba hii haikuwa imebakiwa na mashamba wala watumwa, lakini ilikuwa imebakiwa na kikohozi kile. Koo zote za zamani zilikuwa zikimtazama Avita. Binti wa Placidus akilitamka jina hilo, nani mwingine angeona aibu kulitamka?

"Nikikataa?"

"Basi kesho utamwona babu ukutani," alisema Opilio, "ila itabidi umtafute."

Avita alimtazama mtu huyu aliyemzaa, unga wa chaki ukimdondoka mabegani, akajiuliza alikosea wapi. Kisha akasema, "Nitakuja."

Siku ya karamu ukumbi ulikuwa mweupe kiasi cha kuumiza macho. Lipu ilikuwa haijakauka vizuri, na harufu yake kali ilichanganyika na ya nguruwe na ya mchuzi wa samaki waliovundikwa mpaka wakayeyuka. Kila aliyeegemea ukuta aliondoka na mgongo mweupe. Avita alikataa kuegemea. Alikuwa anawajua baadhi ya waliomo ukutani.

Wageni walijilaza kwenye makochi, koo zote za Roma zilizobaki, nazo zilitosha katika ukumbi mmoja na nafasi ikabaki. Majoho yao yalipakwa chaki kama la Opilio, na kwa kuwa walitoka jasho, chaki iliwafanyia utelezi shingoni. Nyama ililetwa. Walikula kwa mikono miwili, mafuta yakiwashuka hadi viwikoni, watu ambao babu zao waliwatawala Waafrika na Wabritoni. Mzee Florus, aliyekuwa mkubwa wa Baraza wakati Baraza lilikuwepo, alificha mfupa ndani ya joho lake akidhani haonekani.

"Kula, Avita," alimwambia, mdomo umejaa. "Nguruwe mtamu huyu."

"Unajua amekula nini?"

Florus aliacha kutafuna kwa muda. Kisha akaendelea.

"Usituharibie, bwana," alisema.

Trifoni alikuwa katikati, mwanamume mfupi mwenye shingo fupi na chunusi, anayejua Kigiriki na si kingine. Hakuwa mbaya. Hilo ndilo lililomuudhi Avita zaidi. Angekuwa jini, Avita angekuwa na wa kumchukia. Alikuwa askari aliyechoka, anajikuna, anakula alichowekewa. Wabaya walikuwa hawa wa kwao, waliokuwa wakimvika kilemba cha ukoka kwa zamu, huyu akimwita jua, yule akimwita simba, na mkalimani akiwatafsiri wote kwa neno lile lile fupi.

Opilio alivuta pazia. Sanamu ikaonekana. Kichwa cha Trifoni kilikuwa kidogo kuliko mabega ya Mzee Placidus, na shingoni walikuwa wamekandika chokaa kuziba nafasi, ikabaki rojorojo, kama mtu aliyefungwa kitambaa kwa ajili ya jipu. Watu wakapiga makofi. Trifoni aliitazama, akauliza kitu. Mkalimani akasema, "Anauliza mikono hii ni ya nani."

"Ni yako, bwana mkubwa!" alisema Opilio, na ukumbi mzima ukacheka kwa furaha.

Kisha Opilio akageuka akamtazama mama yake.

Avita alisimama. Hariri ya mama yake ilikuwa imeoza kwapani, akasikia inapasuka. Aliwaona wanavyomtazama, Florus na mfupa wake na wengine wote, aliona kwamba nusu yao walikuwa wanaomba akohoe. Angekohoa, hata mara moja tu, wangeenda nyumbani na kitu. Akaufikiria uso ule juu ya majani makavu. Akapiga moyo konde.

"Karibu," alisema, "Trifoni, baba wa Mji."

Hakuna aliyepiga makofi. Florus aliinamisha kichwa, mfupa ukamtoka kwenye joho ukagonga sakafu.

Trifoni alimwegemea mkalimani. "Anasema nini huyu bibi?" Avita alikielewa Kigiriki hicho, alifundishwa utotoni, na baba yake.

"Anakusifu," alisema mkalimani.

"Mwambie akae. Na waniletee maji, nyama hii ina chumvi."

Avita hakukaa. Alitoka uani akatapika, ingawa hakuwa amekula kitu.

Asubuhi Bonoso alimleta Mzee Placidus ndani ya gunia, akalitua ukumbini na kuondoka haraka bila mzaha. Angalau huyo alitimiza ahadi. Avita alikaa kwenye kigoda, akakipakata kichwa mapajani. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhania na kimejaa masizi. Ursa akaleta beseni la maji.

"Pole, baba," alisema Avita. "Imenigharimu, lakini umerudi."

Alianza na uso kama kawaida. Paji, pua, mashavu. Akaenda masikioni, mahali ambapo kitambaa chake hakikuwahi kufika vizuri. Kwenye ncha ya sikio maji yalilainisha kipande cha chokaa, kikatoka, kikaacha kitundu. Sikio la pili nalo hivyo hivyo.

"Ursa, baba yangu alitoboa masikio lini?"

"Nani? Mzee? Angekufa kwanza."

Avita aliupitisha mkono nyuma ya kichwa, na kabla jicho halijaona, vidole vilijua. Alikuwa amesuka nywele maisha yake yote: za mama yake, za Ursa, za binti aliyefariki. Vidole vilishuka juu ya msuko mmoja, wa pili, wa tatu, misuko iliyobanwa vizuri na kuzungushwa kisogoni kuwa kifundo, na katikati ya kifundo kibanio cha nywele kilichochongwa kwa upole sana, na mtu aliyekuwa na muda.

Alikigeuza kichwa.

Mbele alikuwa Mzee Placidus. Nyuma alikuwa mwanamke. Mchongaji alichukua bibi wa watu, akamkata nywele za mbele, akamkwangua mashavu yale ya mviringo mpaka yakabonyea yakawa ya mzee mwenye msimamo, akaziba matundu ya hereni. Kisogo hakukigusa. Kwa nini ajisumbue? Kingekaa ukutani, nani angeona?

"Aka!" alisema Ursa taratibu. Kisha akasema, "Na yale mafua?"

Avita alicheka kicheko kimoja kibaya, akatemea mate ndani ya beseni. Alimwona baba yake amempakata, anamwonyesha sanamu ya jirani, wanacheka pamoja mpaka machozi yanawatoka. Kwa uso huu jana alikuwa amelitamka lile jina. Kikohozi cha nyumba nzima alikuwa amekitoa kwa kitu cha wizi. Alitamani kukirudisha kwa Bonoso palepale, na mkono wake ulikuwa umeshalishika gunia, lakini akasita. Akimchoma baba, angemchoma na yule mwanamke. Walikuwa wameshikamana.

Opilio aliingia akiwa amevaa kupendeza, joho limepakwa chaki mpya.

"Mama! Maghala ni yangu!" Alimbusu kichwani. "Na jana uliwamaliza. Kwa hiyo nimesema, mama yangu naye atasimamishwa sanamu, pale penye shubaka la babu, lisikae tupu. Nimeshapata jiwe. Liko makaburini, njia ya kusini. Mwanamke mzima, mikono yote ipo, na kichwa chake kipo. Mchongaji anasema hahitaji hata kuking'oa. Atakukwangulia uso tu."

"Na nyuma?"

"Nyuma ni ukutani, mama. Nani ataona?"

Ursa alijishika mdomo.

"Huyo mwanamke ni nani?" aliuliza Avita.

"Nani ajuaye? Marehemu tu fulani."

"Sogea, mwanangu. Inama."

Opilio akapiga goti, akainamisha kichwa apate baraka. Avita akaliinua beseni kwa mikono miwili, na masizi yake na mate yake, akalimimina lote kuanzia utosini. Chaki ikamshuka kwa michirizi, ikaacha joho lilivyo, la manjano ya jasho, lenye viraka hata juu ya kifua. Opilio alikaa amepiga goti akitweta.

"Nenda kwenye maghala yako," alisema Avita. "Na huyo mwanamke wa makaburini mkimgusa, mimi ninakwenda uwanja mkuu kuonyesha kisogo cha babu yako kwa kila anayepita. Muulize Ursa kina nini."

Siku iliyofuata alivuka ua na kitambaa chake. Kichwa kilikuwa ndani ya shubaka, mahali palipokuwa na sanamu, nacho kimeelekea ukutani. Avita alianza na kibanio, akafuta msuko mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa sababu vumbi huingia kwenye mikunjo.

"Shikamoo, mama," alisema, na hakuwa na jina la kumwita.